Kompyuta Iliyovikwa Kitambaa

Chacha, mume wangu mdogo,

Hapa Musoma tunaendelea vizuri. Shangazi yako wa Suguti amevuna mihogo, na babu yako bado ananibishia kila taarifa ya habari. Unauliza kwa nini kompyuta yako inazimika katikati ya gemu. Usifute chochote kwanza.

Nikiwa kijana nilichapa makala kali ya kuwatetea wakulima wa pamba wa Bunda. Basi la kuipeleka gazetini lilikuwa la mchana, na kompyuta ya ofisi ikawa inazimika tu. Nikalaumu umeme, fundi, hata serikali.

"Dada, hata mashine inachokaga na maneno yako," mwenzangu Rehema akacheka.

Nikaigusa. Ilikuwa ya moto kama jiko. Tulikuwa tumeivika kitambaa cha kufuma, wadudu wa ziwani wasiingie. Tukakivua, ikapoa, tukaiwasha. Upepo wa joto ukatoka nyuma yake, ukanipiga usoni kama pumzi ya mtu. Kumbe haikuwa mbovu. Ilikuwa inajizima isiungue. Makala ikawahi basi.

Shika yako kwa nyuma, uone kama inapumua. Na kile kitambaa nilichokufumia cha kuifunika, kitandike mezani.

Bibi yako wa Musoma