Ukurasa wa Nne wa Faili Lako

Nadine wangu,

"Mtoto anahitaji upendo, hahitaji karatasi." Hayo aliyasema mkurugenzi wa kituo chenu cha watoto cha Nyamitanga wiki iliyopita, akinimiminia chai, baada ya kuniarifu kwamba mwisho wa mwezi mafaili yote ya watoto walioondoka yatachomwa. Mimi niliyeyaandika mafaili hayo miaka kumi na mmoja nilimjibu kwamba wanaodharau karatasi ni wale ambao zao zimefungiwa kabatini. Yeye ana cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, hati ya shamba. Wewe ulitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale na gauni moja, mama yako amezikwa huko. Nani mwingine angekuambia ulifika lini, na nani alikuleta?

"Wewe mama, kelele mingi," akacheka. "Hii karatasi, panya nakula tu. Wale watoto sasa ni watu wakubwa. Wanataka karatasi ya nini tena?"

Nilikuwa na jibu kali mdomoni. Nikakumbuka faili lako, nikakiweka kikombe chini.

Ulipofika ulikuwa na miaka minane, mdogo wako Divine mitatu, umembeba mgongoni. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la ukoo, na kanuni ya ofisi ilisema ndugu ni wenye jina moja la ukoo. Wewe Irakoze, yeye Kaneza. Nikaandika katika faili lako: hana ndugu. Nikaandika vivyo hivyo katika lake.

Nadine, mimi ni mtu wa Fizi, Kongo. Dada yangu wa tumbo moja ana jina lake na mimi nina langu. Nilijua Warundi kama ninyi nao ni hivyo. Nilijua! Nimewashambulia magazetini makarani wanaotii fomu kuliko macho yao, na siku ile kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliogopa nini? Nilichoka? Nimejiuliza hadi swali lenyewe limenichosha, na bado sijui.

Familia moja kutoka kijiji cha Masha ilipokuja kutafuta mtoto mdogo wa kulea, niliulizwa kama Divine ana ndugu. Nilifungua faili, nikasoma nilichokiandika mwenyewe, nikajibu hana, nao wakamchukua peke yake. Kesho yake ulisimama mbele ya meza yangu.

"Mama Faili, ulisahau kuniandika mu dosiye ya Divine. Miye ni mukubwa wake."

"Majina yenu hayafanani, mama."

"Lakini mama yetu ni moya."

Nikakuambia uende ukale. Hukulia. Heri ungelia.

Sasa sikiliza. Jumanne mwanamke kijana alinikuta nyumbani kwangu Rwekubo. Ameinamisha kichwa upande, kama ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa hunisadiki. "Mama, miye nilikuwa na dada?" Sura hakuikumbuka, wala jina lako. Alikumbuka beseni, na mtu akimwosha miguu huku akiita vidole majina. "Kidole kikubwa ni Gitare. Cha pili, Bihogo. Vingine vimepotea."

Hayo ni majina ya ng'ombe wa babu yenu.

Na hayo pia niliyaandika, Nadine, mimi huyo huyo. Ukurasa wa nne, sehemu ya tabia: "Kila jioni huosha miguu ya mtoto Divine, kila kidole anakiita jina la ng'ombe." Naamini niliyataja yote matano. Na ukurasa wa mwisho una jina la mtu aliyekutilia sahihi ulipoondoka, na mahali alipokupeleka. Jina hilo nimelisahau. Kichwa hiki kinachobeba mabishano ya miaka thelathini kimeshindwa kubeba jina moja.

Kwa hiyo sijui natetea nini. Ukurasa wa kwanza wa faili lako uliwatenganisha, ukurasa wa nne unamwambia Divine kwamba hakuota. Mkono ni mmoja. Nikiyatetea mafaili natetea uongo wangu. Nikiyaacha yachomwe nakupoteza mara ya pili. Huenda mkurugenzi anasema kweli kwamba karatasi haina upendo. Mbona basi upendo wako ulibaki humo humo?

Divine anasubiri jibu langu. Anapika uji kwangu.

Nakuomba radhi, na sikuombi unijibu. Kama barua hii imekufikia, mtafute yeye kwanza.

Nanyi, mkurugenzi na wajumbe wa bodi ya kituo, mnaosoma gazetini barua isiyo yenu: msiwashe moto huo. Jumatatu asubuhi nitakuja Nyamitanga na Divine. Mlete faili la Irakoze Nadine mezani, mmpe Divine alisome mwenyewe, na mnipe kalamu nifute mstari wa ukurasa wa kwanza mbele yenu. Kisha mwiteni kila mtoto mliyewahi kumwandika, aje asome mlichosema juu yake.

Aliyesahau kukuandika,
Mama Faili