Fimbo ya Tshibangu

Mujukuu yangu Gracia,

Huku Kolwezi tuko, Mungu anatuchunga. Mama yako mudogo alizala mutoto mwanaume. Kilio yake inashinda sirene ya mine.

Unaniuliza, kwa michezo ya ordinateri, uchukue manette ya leo, ile ya kushika na mikono mibili, ao ile fimbo ya zamani yenye buto moja, joystick. Nimesoma swali yako mara na mara, na bado ninachanganyikiwa. Mi nilijua fimbo tu.

Rafiki yangu Tshibangu, jirani yetu, alikuwa na ordinateri na fimbo mbili. Wakati balianza kufukuza bantu ba Kasai huku Katanga, na yeye alikuwa wa kwabo, aliniachia ordinateri na fimbo moja, akabeba ingine. "Tutarudia karibuni," alisema. "Usipatie mutu nafasi yangu ya kucheza." Mambo ya gare, kwenye balingojea treni, sitaandika. Hakurudia.

Mpaka leo sielewi. Fimbo bila mashini, angeifanyia nini? Na mi ningecheza na nani? Ordinateri ilikufa zamani, lakini fimbo yangu iko mu kabati.

Sijui kama hii ni jibu. Chukua ile mukono yako inapenda, lakini nunua mbili. Ya pili uiache juu ya meza, hata kama uko peke yako.

Kambo yako,
Pascal