Redio Inanguruma Kabla ya Simu

Salimu,

Shikamoo siwezi kukupa, tulilingana. Na marehemu haulizwi hali. Naanza hivi hivi basi.

Kibanda chetu cha ufundi hapa Korogwe sijakifunga. Watu wanaleta redio na kompyuta zao, natengeneza, wanaondoka. Lakini tangu pikipiki ikuangushe barabara ya Handeni sijarekodi chochote. Koili yako ya kunasa milio ya umeme, ile uliyoisuka kwa waya wa feni iliyoungua, inaning'inia msumarini. Ulikuwa unaipitisha juu ya kompyuta iliyowashwa, mimi nimevaa spika za masikioni, nasikia humo ndani kunaimba: filimbi, mvua, kundi la nyuki. Halafu unanitazama usoni uone kama nimesikia ulichosikia wewe. Yule mama wa steshenari, tulipomrekodia printa yake, aliuliza kama tuna mashetani. Baba yangu kule Kerenge hakuuliza. Alisema tu, "Mwanangu anarekodi mbu."

Sasa nisikilize, maana nimekwama.

Siku tuliyokuzika Kwedizinga, mama yako alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Akasema, "Mwanangu, nyie si mlikuwa mnarekodi? Niletee sauti yake siku ya arobaini. Hata akiwa anakohoa." Nikamwambia nitaleta, mama. Sikufikiri hata kidogo. Kompyuta yetu imejaa rekodi mpaka inalemewa, sauti yako ningeikosaje?

Nimeikosa, Salimu. Nimesikiliza zote, nikarudia zote. Sheria ilikuwa yako mwenyewe: "Mashine ikiongea, binadamu anyamaze." Nikipiga chafya unafuta, tunaanza upya. Ukijisikia wewe kwenye rekodi unajikata, safi kabisa, hukuacha hata "ehe" moja. Simu yako ilisagika pale barabarani. Yangu ni kitochi, haikuhifadhi kitu. Nikalia. Nikakutukana, Mungu anisamehe, marehemu hatukanwi. Tumerekodi mpaka taa ya dukani kwa watu, na wewe hatuna!

Arobaini ikafika. Nilikwenda Kwedizinga na spika ya kuchaji begani na rekodi moja tu niliyoona ina alama yako. Unaikumbuka? Ulikuwa unaweka kitochi changu juu ya spika, unatoka nje, unanipigia. Kabla simu haijaita, spika inaanza yenyewe: tit-titi-tit, tit-titi-tit, kisha mngurumo. Uliupenda mno mlio huo. Ulisema ni simu inabisha hodi. Na hiyo rekodi nayo uliikata palepale simu ilipotaka kuita.

Dua ikasomwa, watu wakala, wakatawanyika. Nikamwambia mama yako ukweli, kwamba sauti yako sikuipata. Hakunilaumu, na hilo lilinichoma kuliko kama angenifokea. Nikawasha spika.

Tit-titi-tit.

Mama yako akainuka. Salimu, aliinuka! Akageukia kabatini kwenye redio yake, ambayo juu yake huweka simu, kwa kuwa nyumba nzima mtandao unashika hapo tu. Akasema, "Huyo Salimu." Kumbe kila Ijumaa ulipompigia baada ya swala, redio ile ilinguruma kwanza. Naye hana mwingine anayempigia. Akiisikia anapunguza sauti, anajifuta mikono kwenye kanga, anasubiri shikamoo yako. Mimi sikulijua hilo. Wewe ulilijua?

Rekodi ikafika pale ulipoikata. Kimya. Mama yako amesimama, mkono uko juu ya simu, anasubiri uongee. Na mimi ninayejua kwamba mbele hakuna kitu, nami nikasubiri.

"Rudia," akasema. Nikarudia. Akajifuta mikono tena. Nikarudia mpaka chaji ikaisha, na spika ilipozima hakuna kati yetu aliyeweza kumtazama mwenzake.

Nilirudi Korogwe nikiwa nimechoka vibaya. Sijui kama nilimpelekea zawadi au nilimzika mwanawe mara ya pili. Nilitaka kufuta kila kitu. Nilishika ile koili niikate, nikairudisha msumarini.

Ijumaa iliyopita, watu walipotoka msikitini, nilimpigia. Nilijua redio yake itanguruma, nilijua atainuka, na nilijua moyo wake utamdanganya. Lakini kuiacha redio ile kimya kila Ijumaa, hapana, hilo lilinishinda. Alipokea. Nikasema, "Shikamoo, mama." Nilisikia redio ikiendelea kunguruma chinichini, na pumzi yake. Kisha akaitikia, "Marahaba, mwanangu."

Basi pumzika, ndugu yangu. Dua zenu sizijui, nakuombea kwa zangu. Nakuahidi, kila Ijumaa nitampigia. Na kuanzia sasa narekodi tena, lakini sheria yako nimeivunja: mtu akikohoa, simkati.

Mimi Pendo