Boti Ambayo Babu Hakuitaja

6 Februari

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kinasemaje? Mimi mzima, ila wanafunzi wananimaliza sauti.

Halmashauri inataka kuweka ubao wa historia ya mji kwenye lango la kiwanda chenu cha boti. Kazi ya kuandika wamenitupia mimi, eti mwalimu wa historia na mzaliwa wa hapo. Mafundi wenzako wote wametangulia, umebaki wewe. Mlianzaje, na mliunda boti zipi? Na usijifanye umesahau, maana utani wa ujanani unaukumbuka neno kwa neno.

Mjukuu wako

20 Februari

Mke wangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa, lakini tumbo halijagoma.

Zamani hapa palikuwa na wavuvi tu na mitumbwi ya kuchonga. Baba yangu ndiye aliyeleta msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine chini shimoni akila unga wa mbao. Wa chini nilikuwa mimi. Boti ya kwanza tuliiita Subira, kwa sababu iligoma kuteremka majini kutwa nzima. Ikaja Bahati, kisha Mchokozi, iliyoinama upande hata ikiwa tupu. Siku ya kushua boti majini shule ilifungwa, mwokaji mikate aliacha tanuri, kila mwenye mikono alishika kamba. Baadaye zikaja boti za plastiki, nyundo zikanyamaza.

Basi, ndiyo hiyo. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mumeo mzee

2 Machi

Mume wangu,

Shikamoo. Mchokozi amenichekesha mpaka mwalimu mkuu akachungulia mlangoni.

Lakini nimeongea na shangazi. Anasema ilikuwapo nyingine, Neema, iliyozama na watu, na kwamba nyundo zilinyamaza siku ile, plastiki hazijafika. Watu wakasema mbao zako zilikuwa mbovu. Kumbe mwenye boti aliongeza ghorofa ya abiria ulipokwisha kumkabidhi! Babu, niache niyaandike. Umebeba lawama isiyo yako.

Mjukuu wako

18 Aprili

Babu,

Shikamoo. Shangazi anasema unakula na unatembea, basi ni mimi uliyeninunia. Kama nimetonesha kidonda, nisamehe. Ubao utasubiri.

Mjukuu wako

9 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sikukununia. Nilikosa pa kuanzia.

Ya shangazi yako ni kweli. Nilimkataza mwenye boti, akasema mali ni yake. Naye alikufa humo humo, sasa ningegombana na nani? Lakini ubao wa mji si mahali pa mimi kujitetea. Nilitaka yaandikwe majina ya waliokufa, na anayeyajua yote ni Mama Nyavu, yule mshona nyavu wa kona, mjane wa makanika wa Neema. Tangu msiba ule tulikuwa hatusalimiani.

Juzi nilivaa shati safi nikabisha hodi.

"Umepotea njia?" akauliza.

"Nimechelewa njiani."

Akanisogezea kiti. Akanitajia majina huku anashona, nami naandika. Yamo humu kwenye bahasha. Nilipoweka kalamu chini, akasema, "Mbona fundi hujamwandika? Boti haikujiunda."

Nikamweleza habari ya ghorofa. Akatikisa kichwa. "Nilisikia. Nilipokuja kusikia, tulikuwa tumeshazoea kimya."

Halafu akauliza, bila kuinua macho, "Kule chini kwenye injini, kulikuwa na giza?"

Nikamwambia hapana. Mumewe alinisumbua mpaka nikamtobolea dirisha la duara juu ubavuni. Asubuhi jua lilimfikia pale pale alipokaa.

Sindano ikasimama. "Ubavu upi?"

"Wa kushoto."

Akatazama nje, kwenye mlango wa bandari, akipima kwa macho jinsi boti zinazotoka zinavyoipita nyumba yake kwa ubavu wa kushoto.

"Basi kila walipotoka," akasema, "alikuwa anatuona."

Babu yako