Masikio Yangu Hayajapimwa

Nyumba yenye mlango wa kijani,
Nyuma ya kinyozi.
9 Machi

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu,

Kwanza nijulishe hali yako. Kile kikohozi kimeisha? Unakula? Mimi magoti yananisumbua, ila mdomo ni mzima, utaona.

Nimesikia ulimpeleka bibi yako mzaa baba hapo kazini kwako. Ulimkalisha kitini, katika chumba kilichopigwa magodoro kuta zote, ukamtia masikioni vinasa sauti vidogo kama punje za maharage. Spika zikamzunguka, zikawa zinalia moja moja, naye hatikisi kichwa. Eti mnapima jinsi kichwa na masikio yanavyomjulisha mtu sauti imetoka wapi. Sawa. Changu mimi ni boga?

Jumapili akanijia, mke mwenzangu huyo, hedifoni shingoni kama mkufu wa harusi. "Mume wetu kanitengenezea sauti yake. Naisikia mbele yangu kabisa, kama nimeketi naye!" Nikamwambia lete hapa. Nikavaa. Ukasema, "Bibi, niko mbele yako," na sauti ikanijia kisogoni! Nikageuka. Kabati la vyombo. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo imekatwa kwa kipimo cha masikio yangu, bibie. Wewe unatafuta nini humo?"

Chai yake nilimpa bila sukari.

Basi nikamwita fundi cherehani, ambaye ndiye pia anayeniandikia barua hii, maana shule mimi niliiona kwa nje tu. Kanipima kwa tepu yake ya nguo. Kichwa kuzunguka, sentimita hamsini na saba. Sikio la kulia, sita na nusu. La kushoto, saba, limevutwa na hereni. Anasema nyinyi hampimi hivyo. Nimemwambia andika, mama, mume ni wangu.

Sasa nisikilize. Hilo la kushoto linaziba. Daktari anasema kufikia mwisho wa mwaka litakuwa limekufa kabisa. Nikibaki na moja, kila aniitaye nitamtafuta upande huo huo kama mwehu. Nipime kabla. Ukisema uko mbele yangu, nataka uwe mbele yangu.

Ya sikio usimwambie mke mwenzangu. Atanihurumia, na huruma yake siiwezi.

Msalimie mkeo. Huyo simwonei wivu, ndiye anayefua soksi zako. Msalimie na mjomba wako. Mungu akulinde, akutunzie hayo masikio uliyoyarithi kwangu, si kwake.

Wako akupendaye kuliko yule,
Bibi mzaa mama