Bastola Uliyoniomba Nikuchagulie

Blacktown, Sidni

Mdogo wangu Shabani,

Pokea salamu za kaka yako ambaye corona imemwogopa. Huku wamekufa wazee wa umri wangu, wamekufa na vijana wenye vifua kama milango, mimi hata mafua sijapata. Chanjo nimechoma, si kwa kupenda, binti yangu Rehema alinishika mkono kama mtoto wa kliniki. Vipi mguu wako? Sukari unaiangalia, au bado chai unaitia vijiko mpaka kijiko kinasimama chenyewe? Na shemeji yangu Mama Zuhura, kifua kimepoa? Nataka kujua kila mtu hapo nyumbani, usinijibu "wote wazima" kama unavyojibu kwenye simu.

Mwandiko wangu unaujua, usiucheke. Darasa la nne la enzi zetu ni kubwa kuliko fomu foo ya sasa. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu ya huku inasikika nyumba nzima, na hawa wajukuu wanajifanya Kiswahili hawakijui, unawauliza kitu wanakujibu Kizungu, kumbe kila neno linaingia. Jambo lako halifai kusikika. Leonidasi, Mrundi jirani yetu, atazipiga picha karatasi hizi akutumie kwenye simu yako. Yeye hatasema, maana ameshajua yote, nitakueleza alijuaje.

Umeniambia kibali kimetoka. Kamati imekupitisha, polisi wamekuhoji wameridhika, sasa unataka bastola ndogo ya kutembea nayo kila siku, ila wewe hujawahi kushika hata manati. Ukasema, "Kaka, wewe ndiye mjuzi, utakayosema ndiyo nitakayonunua." Hapo hukukosea. Tabora nzima umwulize nani mwingine? Mimi nilikuwa askari wa wanyamapori wakati majangili wanakuja na bunduki za vita, na wakisikia zamu ni ya huyu kaka yako Ramadhani wanageuza njia. Wazungu wa uwindaji walikuwa wananipa mimi bunduki zao nizijaribu kwanza, wakiona tundu katikati ya kibao ndipo wanaamini.

Lakini na sababu pia umeitaja, wala hukuizungusha. Juma. Amekuja na panga, amekatakata mlango wa chumba cha mama yake, haukufunguka, amesema siku akirudi hatakata mlango, atakukata wewe. Mlango ule niliagiza mimi ufungwe na vitu vya marehemu mke wangu visiguswe mpaka nirudi, wewe umetii, na kwa kutii ndiyo umepata adui. Mimi aliniambia kwenye simu, "Baba, wewe kaa na Sidni yako, mimi niachie chumba cha mama." Akakata. Hajanipigia tena. Basi hivyo ndivyo ulivyoniomba, Shabani. Nikuchagulie bastola ya kumzuia mtoto wangu.

Ngoja nikueleze huku tulivyoishi, usidhani nakaa nakula nyama. Nilikuja kumsalimia Rehema na wajukuu, nirudi nikalime. Dunia ikafungwa. Ndege hakuna, na iliyopo bei yake ni ya kununua trekta. Rehema ni nesi kwenye nyumba ya wazee, akirudi anavulia nguo gereji, anaoga, ndipo ananiamkia kwa mbali kama mimi ndiye mwenye ukoma. Mimi nimewekwa kichumba cha nyuma ya nyumba, chakula nawekewa mlangoni. Wakati wa lokidauni sisi wa huku magharibi walitubana kuliko wengine wote. Watu wa ufukweni tunawaona kwenye televisheni wanaogelea, sisi helikopta inatuzunguka kichwani kama tumeiba ng'ombe. Wakaleta na wanajeshi, wanapita nyumba kwa nyumba mikono mitupu. Nikamwuliza mmoja, "Bunduki yako iko wapi?" Rehema akatafsiri huku anaona aibu. Kijana akacheka, akasema hawakupewa, amekuja kuuliza kama tuna chakula. Mwanajeshi! Nikamwambia Rehema mwambie aende akaulize kwa mama yake. Hakutafsiri.

Huku mimi si mtu, Shabani. Huku mimi ni baba wa nesi. Kwa hiyo ujumbe wako ulipokuja, nisikudanganye, kwanza nilifurahi. Kuna mtu ameniuliza kitu ninachokijua. Na sasa wametufungulia, maduka yako wazi. Nikasema sitamchagulia mdogo wangu kwa kumbukumbu, bastola za siku hizi si zile, nitakwenda nikazione kwa macho.

Leonidasi ndiye mwenye gari. Ametoka kambi za kule Kigoma, wakaletwa huku yeye na mke na watoto, anafua mashuka hospitali. Ni mzee mwenzangu ingawa ananizidi uoga. Tulipokuwa njiani nikamwambia tunakwenda wapi.

"Mzee Ramadhani," akasema, "mimi nimekimbia vitu hii tangu niko mutoto. Leo unataka nikupeleke kununua?"

"Sinunui. Naangalia."

"Unaangalia nini? Kwani ni mbuzi?"

"Hata mbuzi hachaguliwi kwa simu. Endesha."

"Kama mapolisi wanatushika, mimi nitasema sikujui. Nitasema nimekuokota kwenye barabara."

"Sema. Endesha."

Duka liko St Marys, nyuma ya mafundi magari, halina dirisha, mlango wa chuma kama jela. Ndani Mzungu mnene, mtu mzima kama sisi, barakoa ameivaa kidevuni. Akauliza leseni. Nikasema leseni anayo mdogo wangu, yuko Tabora. Leonidasi akatafsiri, yule Mzungu akacheka mpaka akashika meza. Nikamwambia basi nipe ile niipime mkononi. Akakataa. Asiye na leseni hagusi. Mimi! Mimi niliyekabidhiwa raifo ya serikali nikalala nayo porini kuliko nilivyolala na mke wangu, leo nasimama kwenye kioo kama mtoto anaangalia mandazi.

Nikapima kwa macho. Macho yangu yanatosha. Bastola ni za namna mbili. Kuna ile ya magazini, bapa, inalala vizuri kiunoni chini ya shati, wauzaji wataisifia hiyo. Ila ina mambo. Uingize magazini, uvute ile slaidi ya juu kwa nguvu risasi iingie chemba, ukumbuke kufungua sefti, kile kifungio cha usalama. Wewe kidole cha shahada kiliondoka na mashine ya kukoboa mpunga, utafyatua kwa kidole cha kati, na jasho lako la mikono nalijua tangu tukiwa watoto, slaidi itakuteleza. Ya pili ni rivolva, yenye lile duara la risasi linalozunguka. Hiyo haina mambo. Risasi unaziona, unavuta inalia, moja ikikataa unavuta tena. Traiga yake, pale pa kuvuta kwa kidole, ni nzito, haifyatuki kwa kujikwaa wala kwa mtoto kuchokonoa. Nikaiona moja pembeni, mtutu mfupi, kishikio cha mpira kinene, nzito kiasi cha kutulia mkononi, nyepesi kiasi cha kutovuta suruali chini. Nikasema moyoni, hiyo ndiyo ya Shabani. Nilichagua haraka kama nilivyokuwa nikichagua nyati wa kupigwa katika kundi. Nikaona fahari.

Ndipo yule Mzungu akauliza kitu. Leonidasi akasema, "Anauliza, mutu akitaka kitu hii, anaitaka ya nini?"

"Ya kujilinda," nikasema. Kwa sauti, kama mwanaume. Kwetu bila kusema hivyo kibali hupati.

Mzungu akatikisa kichwa. Leonidasi akasema, "Anasema hapa neno hilo ndilo linafunga mlango. Ukisema kujilinda, hupewi kabisa. Lazima uwe wa klabu, unapiga shabaha kwenye karatasi."

"Bastola ya kuchezea?"

"Ndiyo anavyosema. Na huwezi kutembea nayo kwenye mufuko."

Nikamwambia amwambie nchi yao imelala. Sijui alimwambia nini, maana yule mtu hakukasirika. Alinitazama, akavuta barakoa yake juu vizuri, akauliza tena, polepole. Leonidasi akanigeukia. "Anauliza kama kuna mutu anataka kukuua. Anasema kama yupo, umwambie, atakusaidia kupigia mapolisi."

"Si mimi," nikasema. "Mdogo wangu."

"Nani anataka kumuua mudogo wako?"

Wote wawili wananitazama. Mimi niliyewahi kusimama mbele ya mahakama nikataja majangili mmoja mmoja huku wananitolea macho, pale nilivitazama viatu vyangu. Nikasema, "Mtoto wangu."

Leonidasi hakutafsiri. Alisema neno moja fupi kwa yule Mzungu, sijui lipi, akanishika mkono wa shati tukatoka.

Garini, taa nyekundu ikatusimamisha. Ndipo akauliza, "Mzee, kweli ni mutoto wako wa kuzaa?"

"Wa kwanza."

"Na wewe ndiyo unamuchagulia yenye itamupiga?"

Nikamwambia afunge mdomo. Akaufunga. Ingekuwa afadhali angeendelea.

Sasa sikiliza, Shabani, na hapa nasema kama mjuzi uliyemtaka, si kama baba. Nimeupima ugomvi wenu. Hautakuwa uwanjani, utakuwa kwenye ule ukumbi mwembamba wa nyumba yetu ambao watu wawili hawapishani bila kugeuka ubavu. Bastola ni kitu cha kupewa nafasi, na pale nafasi haipo. Mpaka wewe unyanyue shati, upapase mkoba, uitoe, Juma ameshafika. Na akifika, huyo mtoto nilimfundisha mimi kumnyang'anya mtu kisu, nilimfundisha kwenye uwanja huo huo wa nyumbani, ulikuwepo, ulipiga makofi. Atakupokonya, awe na panga na bastola. Na kama utawahi wewe, hilo sikutaka kuliandika lakini naliandika, utampiga kifuani. Kwa mwendo ule hakuna kupiga mguu. Wanaosema piga mguu hawajawahi kupiga kitu kinachokujia. Wala usiniambie utaibeba kumtisha tu. Yule hatishiki, ametoka kwangu.

Kwa hiyo umeniomba nikuchagulie, na nimechagua. Hakuna. Duniani haijatengenezwa inayokufaa wewe kwa kazi hiyo. Ile rivolva ya mtutu mfupi isahau. Kama umeshanunua, ipeleke polisi ukaikabidhi, na usimtume mtu, nenda mwenyewe.

Halafu fanya hivi. Mwite dada yetu Hadija, Juma anamwogopa yeye kuliko Mungu. Mbele yake, mpe Juma ufunguo wa chumba cha mama yake. Alale humo, avae khanga zake akitaka, ahesabu vikombe. Mimi bado nasema nilikuwa na haki ya kufunga, nyumba ni yangu na niko hai, na yeye kubeba panga kwa baba yake mdogo ni ushenzi nitakaomwambia siku tukikutana. Lakini mfungulie. Wewe baki na vyumba vyako vya uani, asikuingilie, Hadija aliseme hilo mara mbili asikie.

Usidhani nimekuwa laini. Siku mnamzika mke wangu, Rehema alinishikia simu huku kwake, uwanja wa nyuma, kwa sababu ndani mtandao haukamati. Nikawaona mmebeba jeneza, nikamwona Juma ameshuka kaburini kumpokea mama yake, amevua shati. Picha ikaganda. Ameganda hivyo hivyo, mikono juu. Nikaitikisa ile simu, Rehema akasema, "Baba, usitikise, haisaidii." Ilipoachia mlikuwa mmeshafukia, watu wanakung'uta mikono. Hicho ndicho nilichoona cha mazishi ya mtu niliyekaa naye tangu ujana. Sasa wewe na Juma mnataka nikae tena kwenye ule uwanja wa nyuma, niangalie mmoja anafukiwa, na mwingine nimtafute kwa simu ya gerezani. Mimi nina simu moja tu huku, na hiyo nimeshaichoka.

Ukikataa haya, basi nunua, lakini usiandike kwamba kaka ndiye aliyechagua.

Nisalimie Mama Zuhura shemeji yangu, mwambie asiache dawa. Nisalimie dada yetu Hadija, mkubwa wa ukoo sasa nikiwa sipo, mwambie maneno yangu ni yale yale hata yakitoka mdomoni mwake. Nisalimie Zuhura binti yako na mumewe fundi cherehani. Nisalimie mwalimu wa madrasa aliyemsomea marehemu. Rehema anawaamkia nyote, hajui nimeandika nini.

Juma simsalimii. Mwambie hivyo hivyo, baba yako hakukusalimia. Akiuliza kwa nini, mwambie apige aniulize mwenyewe. Saa yoyote. Huku siendi popote.

Kaka yako mkubwa, mwenye nyumba,

Ramadhani