Ganda Nililowapa Watafiti

Mwanangu Kabula,

Shikamoo yako naipokea ingawa hujaituma. Marahaba. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, mimi niliyeishia darasa la tatu. Mwalimu wa hapa Mhunze nimemwambia asahihishe herufi tu, maneno asiyaguse, kisha aipeleke gazetini. Nilikuaibisha mbele ya watu, basi watu waisome.

Unanijua. Kutoka Isaka mpaka Ushirombo hakuna mganga wa miti aliyefuatwa na gari la watafiti ila mimi. Wewe ndiye uliyewaleta. Walikuwa wamekuajiri, ukawaambia baba yako ana mti ambao wenye Ukimwi wanakunywa maji ya ganda lake wakisema wamepata nafuu, na huenda ndani yake mna kile kitu kichungu mnachokiita alkaloidi, kinachoweza kuzuia virusi. Mimi ukaniambia, "Baba, ni kujaribu tu, bado si dawa." Nikasikia dawa. Nikachinja mbuzi.

Asubuhi ile tuliingia porini sote. Ulipokuwa mdogo ulinibebea kikapu, nikakufundisha kutafuna kila ganda kabla ya kulitia ndani. Mti wetu unatia ganzi ulimi. Ule niliowaonyesha wageni ni ndugu yake: majani yanafanana, ganda linafanana, lakini mdomoni ni kama kutafuna ukuni. Mganga hamwonyeshi mgeni dawa yote, ndivyo nilivyofunzwa na marehemu babu yako.

Ukatafuna. Ukanitazama. Ukaniuliza taratibu, kwa Kisukuma ili wageni wasielewe, kama kweli ndio wenyewe. Ningeweza kukujibu taratibu vilevile. Nikapaza sauti kwa Kiswahili: "Siku hizi wewe unajua miti kuliko baba yako?"

Wageni wakacheka. Ukainama, ukaandika jina la mti kwenye daftari.

Wakausaga, wakaupima msimu mzima na zaidi, hawakuona kitu. Mkuu wenu akasema wewe ndiye uliyewahakikishia, na mkataba wako ukaishia hapo. Ulikuja kuniuliza mara ya pili, umesimama mlangoni na begi. Nikasema mashine zao hazijui miti. Nilikusomesha kwa ng'ombe wangu, na sasa nasikia uko Geita, unawapikia ugali wachimbaji karibu na karasha za kusaga mawe ya dhahabu.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nililinda siri ya ukoo. Uongo, mayu, binti yangu. Niliogopa. Miaka yote nimetamba kuwa mti wangu ndio uliomsimamisha mama yako alipokuwa mifupa mitupu. Mama yako alikuwa akimeza vidonge vya kliniki kila siku, na mimi ndiye niliyempa maji ya kumezea. Nilijua. Mashine ingesema mti wangu ni bure, ningebaki nani? Nikaona heri upimwe mti mwingine, na wewe uonekane hujui.

Wiki iliyopita nilipanda basi mpaka Shinyanga mjini, nikamtafuta mkuu wenu, nikamweleza yote. Alikasirika, na ana haki. Nikampa ganda lenyewe na jina lake. Hapa gazetini sitalitaja, matapeli ni wengi. Na aliye kwenye vidonge asiviache kwa ajili ya maneno yangu. Mimi mwenyewe sijui mti huu unaweza nini, na safari hii nataka kujua, hata kama jibu litanivua nguo.

Akaniuliza nani atawapeleka kwenye mti nikishindwa kutembea. Nikasema yupo mmoja, aliniuliza swali la haki siku ya kwanza nami nikamnyamazisha. Hakuahidi kukurudisha kazini. Alitoa faili la wakati ule, akanionyesha mahali palipoandikwa kwamba kosa ni lako, akanipa kalamu. Nikakata jina lako. Nikaandika langu, herufi moja moja.

Mama yako hajambo, ila mimi ananijibu kwa mkato. Kunisamehe ni hiari yako, sikulazimishi. Lakini wanajua sasa.

Ni mimi baba yako, niliyedanganya.